Mbona Siku Hizi Hunigombezi?

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mgongo wako umekupa nafuu. Sisi huku tupo. Nikisema tu wazima nitakuwa muongo, na nikisema tu wagonjwa nitakuwa muongo vilevile. Hapo ndipo akili yangu ilipokwama. Naandika kwa sababu kwenye simu nikianza tu nakata.

Mwanao Kiherehere anacheka, Dada. Ulipomwona mara ya mwisho alikuwa amejikunja kitandani, hataki hata shuka limguse. Siku hizi kuna muuguzi anayekuja kwa pikipiki, anamfuata hapahapa nyumbani, anavua buti mlangoni na kukaa naye chini. Alimwanzishia dawa ya maji, chungu kama shubiri, na mimi ndiye ninayemnywesha. Haikupita wiki mtoto akaomba uji, akaomba atolewe nje, akaanza kumhoji kila mpita njia anakwenda wapi na kufanya nini. Kwa furaha nikamwambia muuguzi kwamba mtoto kapona. Akanikalisha. Akasema dawa ile inaondoa maumivu, ila ugonjwa uko palepale na unaendelea. Niliitikia, lakini mpaka leo sijaelewa. Mtoto anayekufa anachekaje namna ile?

Baba yake ndiyo kabisa. Asubuhi anasema apelekwe hospitali kubwa, jioni anasema aachwe apumzike.

Juzi Kiherehere alimwaga maziwa yote akijitia kunisaidia. Nikafuta, nikamwambia si neno. Akanikodolea macho, akauliza, "Mama, mbona siku hizi hunigombezi? Kaka unamgombeza kila siku." Nikamfokea kwamba ana mikono kama ya mlevi. Akacheka mpaka akakohoa. Alipotulia akaniomba nisimrudishe kule hospitali, kwa sababu kule usiku mama wanatolewa nje.

Sasa nikwambie ninalolizunguka tangu mwanzo. Gari ulilotuma limlete mtoto hospitali ya huko limefika. Dereva wako yuko uani anakunywa chai, anadhani niko ndani nafunga nguo za mtoto. Sifungi, naandika. Kiherehere haji huko, Dada. Muuguzi ameniambia wazi kwamba hospitali haina tena cha kumponya, na uamuzi ni wetu. Nimeamua abaki. Kama ni mapenzi au ni kuchoka tu, sijui. Nikijiuliza nikiwa nafua napata jibu moja, nikianika nguo zilezile napata jingine. Ukinikasirikia sitakulaumu.

Lakini usikae na hasira yako huko mbali. Nisalimie shemeji, wabusu watoto, waambie sote huku tunawakumbuka. Na dereva akishakukabidhi barua hii, asizime gari. Panda uje. Peke yangu siwezi.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Kiherehere