Rangi ya Buluu

Wee! Leo nimeumbuka, na moyo unaniuma.

Ile ramani yangu ya bwawa la kuzuia mafuriko, nimeionyesha kwenye mkutano wa mtaa. Watu wakapiga makofi. Mama mdogo, aliyenilea, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hiyo buluu ni nini?"

Nami kwa furaha yote: "Ni maji, mama!"

"Maji? Mbona mimi nalala humo?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Analala humo! Nilifuata bonde tu nilipochora, sikutazama mapaa ni ya nani.

Tulipotoka nje nikamwambia nitalisogeza bwawa.

"Ulisogeze, maji yaende kwa nani? Mwaka jana tulizika majirani. Liache hapo hapo. Ila baba yako mdogo utamwambia wewe. Mimi siwezi."

Akaenda zake kwa dada yake, hata hakugeuka.

Sasa niko mlangoni kwao. Baba mdogo, aliyeijenga nyumba hii kwa mikono yake, ananiita niingie. Anataka kujua kama ramani yangu imewapendeza watu.