Kiganja cha Uji

Kwako Mama yangu mpendwa, huko Wundanyi,

Shikamoo Mama. Goti lako linaendeleaje, na baridi ya huko imepungua? Sisi huku Butali tunapumua, ila mjukuu wako Wekesa hataki kula na mimi maji yamenifika shingoni. Nakuandikia kwa sababu katika nyumba hii ukishika simu kila mtu anatega sikio.

Alipotimiza miezi sita nilitafuta kwenye simu namna ya kumzoesha chakula. Nikapata video za akina mama wanaowaachia watoto wajilishe wenyewe kwa mkono, bila kijiko. Nikapenda sana. Humo nikaona mtoto akila tofaa, nami nikamkatia Wekesa kipande, kibichi hivyo hivyo. Mama, kikamkwama. Akafungua mdomo na sauti haitoki. Mama mkwe ndiye aliyemnyakua, akamlaza kifudifudi mkononi, akampiga mgongoni hadi kikatoka. Namshukuru mpaka leo.

Lakini tangu siku hiyo kumlisha Wekesa si kazi yangu tena. Mama mkwe anamlaza chali mapajani, anamziba pua, anakinga kiganja mdomoni na kumimina uji wa wimbi. Mtoto akitaka kupumua lazima ameze. Baba Wekesa akirudi kutoka kiwandani ananiambia nimwache mama yake, kwani hata yeye alilelewa hivyo. Sasa mtoto akiona kikombe tu anafunga mdomo na kutetemeka. Juzi kliniki wamempima, uzito umeshuka.

Nesi akanipa karatasi ya Kiswahili, maneno machache tu. Mtoto aketi wima, apewe kiazi kitamu kilichopikwa au ndizi iliyoiva, laini hata ipondeke kwa vidole viwili, na mama asibanduke hapo. Kumbe kosa langu lilikuwa lile tofaa bichi, gumu! Nikamsomea mama mkwe yote. Alisikiliza vizuri, kisha akanirudishia karatasi yangu.

"Mghoi," akasema, "hii karatasi imezaa watoto wangapi?"

Wewe umezaa saba, wewe atakusikiliza. Njoo, Mama, nakusihi. Nitakupokea stendi ya Kakamega.

Nisalimie kaka Mwadime na wifi yangu, na shangazi Mkawasi anayekupeleka kanisani. Usiwaambie haya.

Na hili la mwisho usinikasirikie. Nilikuwa na miaka saba, nimesimama mlangoni. Nilimwona bibi akimmiminia mdogo wangu Wakesho uji kwa kiganja, nikasikia alivyopaliwa. Kifua chake kikawaka moto, na siku ya tatu tukamzika. Miaka yote tumesema ni Mungu, na wewe hujawahi kulitaja jina lake. Najua linauma. Njoo umwambie mama mkwe kwa kinywa chako mwenyewe ni nini kilimuua Wakesho, nisije nami nikamzika wangu.

Ni mimi binti yako ninayekulilia,
Mghoi, mama Wekesa