Flenji Imepikwa

Phionah, niko gereji hapa Bwera, kichwa inauma. Huyu fundi Kakule wa Butembo ameua flenji mpya ya gari yangu.

Si unajua ile chuma ya duara inashika meno ya ekseli, ndiyo inazungusha gurudumu. Ya zamani iliisha, nikanunua ingine kwa Ronnie muuza spea kule Kasese. Ikakataa kuingia. Inabana kabisa.

Nikampigia Ronnie. Akasema, "Usilazimishe. Ipike kwanza ndani ya mafuta, ipanuke, itaingia yenyewe."

Mimi nikamwambia Kakule, "Ronnie anasema uipike." Hayo tu. Nikaenda kumpelekea mama uji hospitali.

Narudi, nasikia nyundo toka barabarani. Flenji imepasuka katikati.

"Kakule, si nilisema upike?"

"Nimepika, Mama Bulandina. Nimepika mpaka mukono inauma."

Kumbe kwao kupika ni kupiga. KUPIGA, Phionah. Nikamuuliza, na chakula je? Akanijibu bila aibu, "Chakula unapika na moto. Chuma unapika na nyundo."

Na mama ameruhusiwa leo, amekaa kwenye benchi na mfuko wake tangu asubuhi. Kule kwetu mlimani hakuna gari ingine inafika.

Nimempigia Ronnie alete flenji ingine kesho. Amecheka wee, halafu ananiuliza, "Lakini dada, wewe unajua kupika?"

Ananiuliza mimi. Na kila akija Bwera anakula kwa hoteli yangu.