Nyumba Inayotazamana na Bembea

Nyumbani, ghorofa ya tatu,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa kaka yangu Kishindo,

Pokea salamu zangu, na za shemeji yako ambaye yuko sakafuni hapa anafungua bomba la jirani alilolileta nyumbani kama mtoto mgonjwa. Hujambo? Kifua kimekuacha, au bado unakohoa kila baridi ikiingia? Wifi na watoto nao? Sisi tunapumua. Mama ni mzima wa mwili. Anakula, anatembea, anabishana. Ya kichwa nitakueleza humu, na tafadhali soma polepole, usiruke.

Najua unangoja jibu moja tu: ile nyumba tunainunua au hatuinunui. Kila ukipiga simu unaniuliza hilo hata salamu hazijaisha, nami nakujibu "tutaona" mpaka najichoka mwenyewe. Sasa nimeshaona.

Siku ya kwanza tulipoenda kuitazama nilirudi nimeshahamia moyoni. Ni nyumba ya chini, haina ngazi, na unajua ngazi za hapa zilivyomwangusha mama, na mwenye nyumba anataka vyumba vyake. Chumba cha mbele kina dirisha pana, na ng'ambo ya kijia kuna uwanja wa watoto: bembea, mtelezo na mchanga. Dalali alikuwa anatuomba radhi kwa kelele. Maskini, hakujua. Mama alivuta kiti, akakaa dirishani, akatulia. Kaka, mama kutulia! Nilikuwa nimesahau uso wake ukoje asipokuwa anatafuta kitu. Akala ndizi, akaomba nyingine. Nikakupigia simu siku ileile, ukasema tununue upesi, watoto watamchangamsha. Sikulaumu, hata mimi niliona hivyo.

Lakini lazima ujue anachotafuta. Mimi siku hizi ananiita fundi, kwa sababu ya cherehani. Ananiuliza gauni lake litakuwa tayari lini, na nikichelewa kujibu ananiambia mafundi wote ni waongo, jambo ambalo siwezi kubisha. Anayemkumbuka ni wewe. Si wewe mwenye mvi na mke, bali wewe wa kaptula, wa kukimbia ndani mpaka vyombo vinaanguka kabatini. Kutwa kucha ni Kishindo yuko wapi, Kishindo amekula? Naona wivu, sikufichi. Anayemwogesha ni mimi.

Wiki iliyopita tulirudi kuitazama tena kabla ya kukubaliana. Shemeji yako alijilaza chini ya sinki kukagua mabomba, maana huyo hata peponi ataanza na mabomba, na dalali akawa anammulikia kwa simu. Mimi nilikuwa chumba cha mbele napima pa kuweka cherehani, mama yuko dirishani palepale. Nikaenda jikoni kuuliza jambo la soketi. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu na mlango uko wazi.

Nilimkuta ameshauvuka uwanja. Amemshika mtoto wa kiume mkono, anamvuta kuelekea mtaa wa nyuma. Mtoto analia, kiatu kimoja kimebaki mchangani. Watu walikuwa wameshawazunguka na neno lilikuwa limeshatoka: mwizi wa watoto. Baba wa yule mtoto, fundi magari, alikuwa amefika na ovaroli lake, amemkaba mama kwa nguo ya shingoni. Kitambaa cha kichwa kiko chini, kinakanyagwa. Mwanamke mmoja alikuwa na jiwe mkononi. Mama wala hakuwatazama. Alikuwa anasema, kwa ile sauti yake ya kutuita tukale, "Mwacheni Kishindo, hajala."

Nilipiga magoti, nikawaambia ni mama yangu, ni mgonjwa, anasahau. Fundi magari akaniuliza kama ni kweli, kisha akamwachia. Mama hakumwachia mtoto. Ilibidi nimfungue vidole mimi mwenyewe, kimoja kimoja, huku ananikodolea macho kama mimi ndiye mwizi. Niliumia, kaka. Mpaka sasa naumia.

Yule baba si mtu mbaya. Aliokota kitambaa, akakikung'uta, akanipa. Akaniambia, "Dada, leo nimeuliza. Siku nyingine sijui kama nitauliza." Halafu akambeba mwanawe akaingia kwake, na kwake ni mlango wa pili kutoka ile nyumba.

Dalali akasema kuizungushia nyumba ukuta ni kazi ya siku chache tu. Shemeji yako akasema ataweka geti la chuma na kufuli, na huyo akisema anafanya. Nikakaa na hilo geti kichwani. Nikajiona nashona, mama yuko getini anasikia wanawe wanapiga kelele nje, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Angeligonga mpaka mikono ivimbe. Nikimwacha wazi watamuua watu, nikimfungia nitamuua mimi. Nimemwambia dalali atafute mteja mwingine. Shemeji yako amenuna, anaongea na mabomba tu.

Utasema nimeharakisha, na kwamba mwenye nyumba wa hapa hatatuvumilia. Kweli. Sijui tutakwenda wapi, na ninaogopa. Natafuta nyumba ya chini katika mtaa usio na watoto. Hebu mwambie dalali maneno hayo uone atakavyokutazama.

Tuliporudi siku ile mama aliuliza tena Kishindo yuko wapi. Nilikuwa nimechoka, nikamwambia amelala. Nilisema tu nipate kupumua. Palepale akashusha sauti. Tangu hapo anatembea kwa kunyata, anafunga milango taratibu, na cherehani yangu ameipiga marufuku. Majirani wakicheka ngazini anatoka kuwafokea kwa kunong'ona. Hatafuti tena. Nimemdanganya mama yangu, na uongo huo sitauondoa.

Msalimie sana wifi, na binti yenu mkubwa mwambie gauni lake nimelimaliza, nangoja mtu wa kumpa alilete. Mjomba fundi saa akipita kwako mpe salamu zangu, mwambie bado tunamsubiri aje kumwona mama. Mungu awalinde mkilala na mkiamka, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Jambo moja kabla sijaikunja barua. Ukipiga simu nitamwekea mama sikioni, maana anapenda sauti yako. Anasema yule bwana ana adabu. Ongea naye chochote: mvua, kazi, afya. Ila usimwambie wewe ni Kishindo. Kishindo amelala chumbani, na mama amekaa mlangoni ili mtu yeyote asimwamshe.

Akupendaye, ingawa leo amechoka,
mdogo wako.