Umekubali Tuitwe Wapangaji

Osiri, Migori
Jumapili mchana

Mpenzi Baba Awino,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye mashimo ya dhahabu. Mimi ni mzima. Kikohozi cha vumbi la mawe kimepungua, na jana Sabato nilienda kanisani nikakaa benchi la mbele, ingawa hasira niliyokuwa nayo haikuniacha nisikie mahubiri. Natumaini nawe u mzima, mgongo umetulia, na mama hajaanza tena kuficha dawa zake chini ya mto. Mvua imefika Magunga? Nyati wa mbugani wamerudi kwenye mahindi? Nijibu hayo yote, maana nayauliza kwa kutaka kujua, si kwa kujaza karatasi.

Sasa nisikilize. Nimeandika kwa sababu kwenye simu wewe huitikia "sawa, Mama Awino, sawa," halafu mtandao unakatika nami nabaki nikigombana na hewa. Barua haikatiki. Isome ukiwa umekaa, tena uisome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Awino ameniambia yaliyotokea kwenye kikao cha ardhi pale kwa chifu. Alikuwepo, alikuwa amemsindikiza nyanya yake. Anasema yule ofisa wa ardhi, ambaye si wa huko na hajui Kijaluo, alikuuliza bila ukali mlivyopata shamba. Ukasimama, ukavua kofia, ukasema, "Mkubwa, sisi ni jodak wa mzee Oloo." Ofisa akauliza jodak ni watu gani kwa Kiswahili. Kabla hujameza mate, karani wa kamati, mjukuu wa huyo huyo Oloo, akamjibu, "Ni wapangaji." Ofisa akaandika. Nawe ukakaa chini.

Ulikaa chini, Baba Awino. Nimelizungusha jambo hilo kichwani wiki nzima nikiponda mawe, na sijalielewa. Sasa orodha imebandikwa ukutani kwa chifu. Shamba limeandikwa jina la karani, na sisi tumewekwa pembeni kama wapangaji wake. Rejista ikifungwa hivyo, siku yoyote akiamka vibaya anaweza kutuambia tufungashe vyombo. Na tutakwenda wapi? Kwa mjomba wako kule Karachuonyo, ambaye hata choo chake kimegusana na ukuta wa jirani?

Mimi ni Mkuria. Kijaluo chenu nimekijifunzia jikoni kwa mama yako, na hadi leo watoto hucheka nikikisema, ndiyo maana mimi na wewe tumeishi kwa Kiswahili miaka yote hii. Lakini hata mimi najua jadak, yaani mmoja wa hao jodak, si mpangaji. Wewe ndiye uliyenifundisha. Uliniambia jadak ni mtu aliyekuja, akapokewa, akaonyeshwa mahali, akajenga. Uliniambia ni neno la heshima, kwamba baba yako alilitumia maisha yake yote kila alipoketi na mzee Oloo, kwa kumshukuru. Mbona mimi uliweza kunieleza, na ofisa ukashindwa?

Tena baba yako alipokewa wapi? Mama yako amenisimulia zaidi ya mara moja. Bonde lile lilikuwa la mbung'o. Ng'ombe walikuwa wanakufa, watu wanaugua ule ugonjwa wa kusinzia mpaka kufa, na watu wa Oloo wenyewe walikuwa wamepanda juu mlimani wakaliacha. Mzee Oloo hakumpa baba yako shamba. Alimpa kichaka. Alitaka watu wa kukata miti na kukaa pale mbele, ili mbung'o na wanyama wawe mbali na zizi lake. Baba yako alikata kile kichaka akakichoma, akazika watoto wawili kabla bonde halijakalika. Karani alikuwa hajazaliwa. Leo kuna barabara, alizeti inakubali, na ghafla kila mtu anakumbuka babu yake alikuwa mwenye ardhi.

Halafu kuna kile kikapu. Awino anasema karani aliwaambia watu, "Kila mavuno hawa hutuletea kikapu cha mahindi. Hiyo si ni kodi?" Ofisa akakuuliza kama ni kweli mnapeleka. Ukasema, "Ndiyo, tunapeleka." Basi, ndiyo, nukta. Hukusema kikapu ni shukrani. Hukusema bibi ya mzee Oloo, alipokuwa hai, alikuwa akikirudisha kikiwa na samaki mkavu ndani. Mpangaji gani anarudishiwa kodi na samaki?

Najua utakachosema. Utasema huwezi kumkosoa mtoto wa watu waliotupokea mbele ya baraza. Utasema bibi ya Oloo ndiye aliyemkanda Awino alipozaliwa, na ni kweli, siwezi kumsahau yule mama. Sikuambii uwatukane. Nimezaliwa mpakani, kwetu Wakuria na Wamasai wamechomeana nyumba, na baba yangu aliporudi baada ya vurugu alikuta mtama wa mtu mwingine umesimama mahali palipokuwa na ghala lake. Hakuna mtu anayeogopa vita vya ardhi kama mimi. Lakini sisi wala hatujapigwa. Tumenyang'anywa kwa adabu yetu wenyewe, na hilo ndilo linaloniuma.

Nami nisijifanye mjanja, kwa maana huku nimefanya kosa lako lile lile. Unajua pale ninapoosha mawe, kwenye bwawa la juu, ambako maji ni safi. Wenye kiwanja wamegombana, kaka kwa kaka, na mwezi uliopita mmoja alipita na daftari akitaka kujua nani anaosha wapi. Akaniuliza, "Mama, wewe ni wa hapa?" Nami nikainama kidogo, nikasema, "Hapana baba, mimi ni mgeni tu hapa." Niliona ndiyo heshima. Karibu nami kulikuwa na Mama Vane, mama mmoja wa kutoka Rongo aliyenikuta pale, mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kushika karai. Alipoulizwa hakuinua hata kichwa. Akasema, "Mimi niko kwangu. Ulitaka nini?"

Jumatatu tuliambiwa wote walioandikwa wageni wahamie bwawa la chini, kwenye matope. Mama Vane amebaki juu. Nilipomlalamikia alinicheka bila ubaya, akaniita binti wa Wakuria kwa Kijaluo. "Nyar Kuria, wewe mwenyewe si ndiye ulisema ni mgeni? Huyo mtu ameandika tu vile ulimwambia." Nilibeba karai langu nikashuka, na ni huko chini, maji yakinifika magotini, nilipoamua kufanya jambo ambalo sikukuuliza.

Jumatano nilikwenda Homa Bay, ofisi ya ardhi. Nilipofika njia panda ya Rodi Kopany ilikuwa siku ya soko. Nilitoa nakala ya kitambulisho na cheti chetu cha ndoa, kisha nikasimama pale karibu na wauza viazi kwa muda mrefu. Kulikuwa na gari linalokuja huko nyumbani na kondakta wake alikuwa ananivuta mkono. Nilitaka sana kuja. Nilikuwa na hamu nawe, nisikufiche. Lakini nilijua nikikuona umekaa mlangoni na mgongo wako huo, nitakuonea huruma, nitakupikia, na tutayaacha mambo yalivyo. Nikapanda la Homa Bay.

Pale ofisini kulikuwa na dada mmoja mchangamfu, ananiita madam. Nikamwambia nataka kupinga yaliyoandikwa juu ya shamba letu kabla rejista haijafungwa. Akanipa fomu. Nikaandika habari ya mbung'o, ya kichaka, ya kikapu na samaki, mpaka nafasi ikaisha nikageuza nyuma. Akaisoma yote huku akitikisa kichwa. Kisha akasema, "Madam, hapa juu hujajaza. Wewe ni nani kwa hili shamba? Umetumwa na mzee?"

Nilishika kalamu. Ningeweza kuandika mke. Ningeweza kuandika kwa niaba ya mume wangu, na pengine ndivyo mama yangu alivyonilea. Lakini nilikumbuka vizuri sana nilivyoshinda na mtoto mgongoni nikipalilia lile shamba, wewe ukiwa Mbita kwenye kazi ya samaki, na nikafikiri yatosha kuinama. Nikaandika "Mwenyewe." Yule dada akanitazama, akagonga muhuri.

Msalimie mama, umwambie dawa ile ni ya kumeza, si ya kulalia. Msalimie Awino, amefanya vizuri kuniambia, na ole wako umgombeze. Msalimie kaka yako wa ng'ambo ya mto, yule aliyekushauri unyamaze. Na ukimwona karani, msalimie pia, kwa kuwa yeye naye ni jirani na sitaki Awino akose mtu wa kumwamkia njiani.

Sasa la mwisho. Kesi ya pingamizi itasikilizwa Homa Bay, na watakuletea karatasi kupitia kwa chifu. Mimi nitaitwa kwanza, kwa kuwa ndimi niliyeandika. Watakuita wewe baada yangu, na ofisa atakuuliza kama niliyoyasema ni kweli. Sitakuangalia wakati huo, ili usiseme nilikulazimisha. Utachagua mwenyewe. Utasema shamba ni letu, karani akiwa amekaa pale akisikia, au utasema ni lake, na mimi mke wako ni mwongo.

Ni mimi mkeo,
Boke, Mama Awino