Kipimo cha Umeme na Mashine ya Katungu

Mulekera, Beni
17 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Éliakim,

Amani iwe nyumbani kwako Lubumbashi. Kikohozi chako kimepona? Sisi tunapumua, magoti yangu yananung'unika, ila macho bado yanasoma.

Kipimo ulichotutumia kilifika salama, tukakifunga kwenye laini ya mtaa wiki nzima. Asante. Masikitiko yangu ni kwamba kilichelewa.

Unajua shangazi yako Katungu alikatiwa umeme kwa sababu balbu za mtaa zilikuwa zikichezacheza. Kamati ya umeme ya mtaa ilizima mashine yake ya kusaga mihogo Jumapili moja, taa zikatulia, hukumu ikatoka. Hakuna aliyekumbuka kwamba Jumapili jirani yetu Onésime naye hufunga karakana yake ya kuchomelea vyuma, aende misa. Shangazi yako ni Msabato: mashine yake ililala kila Jumamosi, na taa zilicheza vilevile. Hata walipomkatia hazikutulia. Wakasema, "Alishaharibu transfo," yaani transfoma ya mtaa.

Kipimo kimesema mengine. Harmoniki, yaani vizidisho kamili vya yale mapigo hamsini ya umeme kwa sekunde, zilibaki ndogo. Lakini zile zinazoangukia katikati yake, interharmoniki, ambazo ndizo huchezesha balbu, zilipanda kila Onésime alipochomelea, zikapotea Jumapili. Transfo gonjwa haiponi kwa ajili ya misa.

Onésime alikuja mwenyewe. "Yaya Katungu, dada yangu, unisamehe. Mimi ndiye nilipiga kelele kuliko bote."

Kamati nayo ikaahidi kumrudishia umeme. Lakini alikuwa amekwisha kuuza mota ya mashine yake kwa mtu wa Butembo.

"Courant nitaiweka wapi?" akawauliza. "Mu sufuria?"

Walicheka. Yeye hakucheka. Alhamisi alirudi Mbau kulima yale mashamba tuliyoyakimbia kwa ajili ya waasi. Tafadhali mpigie simu. Mimi ananiona mzee mwoga, wewe atakusikia.

Onésime hakukatiwa. Kamati imempa muda atafute kichujio cha kusafisha umeme wa karakana yake, maana ana watoto wa kulisha. Ni haki, nami nilikubali. Lakini Katungu pia alikuwa na watoto, na hakupewa hata siku ya kujitetea.

Virginie, mke wangu, anakusalimu wewe na mkeo Jokébed. Mungu akufunike, na amfunike aliye Mbau.

Akupendaye daima,
Baba yako mkubwa, Apollinaire