Uvimbe Bado Unasogea

Jumapili, 7 Mei 1995

Kinyala leo kwa wakwe, baada ya ibada. Mvua, tope mpaka magotini. Mume wangu Hezron alinicheka njia nzima, eti Mchaga naogopa utelezi. Yeye ndiye aliyeanguka!

Mama mkwe, Mama Esnath, kanivuta jikoni akafunga mlango. Si kawaida yake kufunga milango. Anasema Baba mkwe anatoka damu chooni. Tangu kabla ya Krismasi! Choo chenyewe kimebadilika, kimekuwa chembamba, mara kinagoma, mara kinamkimbiza. Mkanda wa suruali ametoboa tundu jipya. Nikauliza nani kampima. Zahanati moja ya binafsi mjini, wakasema amiba. Walimpa flajili, aliporudi wakampa flajili, aliporudi tena, flajili. Hakuna aliyemwambia avue suruali. Siku hizi kila kona duka la dawa, na kila duka lina daktari wake.

Asajile. Nimeliandika jina lake. Kulitamka siruhusiwi, wala kumtazama baba mkwe, wala kusema naye. Kwa Wanyakyusa wa umri wake ndivyo. Miaka yote ya ndoa namjua kwa kikohozi tu. Akitokea njiani najitupa migombani, mimi afisa tabibu mzima! Mwanzoni nilikuwa nacheka. Leo sikucheka.

Jumanne, 9 Mei

Nimemwambia Hezron wazi. Inaweza kuwa bawasiri. Inaweza kuwa kansa ya utumbo, kule mwisho. Hilo halijulikani kwa kukisia, linataka glovu na kidole. Ikikutwa mapema inakatwa, mtu anaishi. Ikichelewa — nimewaona wodini. Sitaki kuandika.

Hezron kauliza kama chai ipo.

Jumamosi, 13 Mei

Baba hataki. Hezron kapanda Kinyala kumsihi, karudi amelowa na hana jipya. Hospitali ya wilaya hataki, kule wanamjua. Yeye mzee wa kanisa, avuliwe nguo mbele ya vijana wa kwaya yake? Kituo chetu cha afya ndiyo kabisa. Mkwe wake yuko pale. Amesema afadhali damu.

Afadhali damu! Nimepiga sufuria chini. Jirani kauliza kulikoni. Nikamjibu panya.

Alhamisi, 18 Mei

Nimenawa mara ngapi sijui, mkono bado unanuka glovu.

Jana Baba alianguka shambani, kwenye chai. Leo Mama kamleta kituoni mwenyewe. Alimdanganya kwamba mimi niko semina Iringa na zamu ni ya Ackson, tabibu mwenzangu. Kumbe ni kinyume, Ackson ndiye aliyekwenda Iringa, nimebaki peke yangu. Mama alitangulia mlango wa nyuma kunieleza. Nikasema, Mama, huu ni uongo. "Kyala, Mungu mwenyewe, atanihukumu mimi. Wewe pima tu, mwanangu. Usitoe sauti."

Nikajifunga kitambaa cha mdomoni. Baba alilala ubavu, uso ukutani, shuka kajifunika kichwa mwenyewe kwa aibu. Viganja vyeupe — hana damu yule. Mama ndiye aliyesema kwa niaba yangu: kunja goti, vuta pumzi. Mara yangu ya kwanza kuwa karibu na baba mkwe, na naanzia huko!

Kidole hakikwenda mbali. Uvimbe upo. Mgumu, kingo zimeinuka, ukiguswa unatoa damu. Lakini nikiusukuma unasogea! Haujashika kitu, bado unaweza kukatwa. Nikausukuma tena kuhakikisha. Baba akaguna kwa maumivu, na mimi pole ikanifika kwenye ulimi. Nikauma mdomo.

Nimeandika rufaa ya Mbeya. Kule watakata kipande wakipime, ila mimi najua. Halafu nikaenda stoo nikalia.

Jumatatu, 22 Mei

Baba yuko kwa mchungaji hapa Bulyaga, ili yeye na mimi tusilale chini ya paa moja. Mbeya hataki. Hezron kamweleza yote, hata lile baya zaidi, kwamba huenda haja ikatolewa tumboni na kuingia kwenye mfuko. Jibu lake: Ackson aje aniambie mwenyewe. Aliyetia mkono ndiye aseme nikatwe.

Hezron anataka tumsubiri Ackson arudi, tumwombe naye adanganye. Na semina haijaisha! Tumegombana sana. Nikasema mnamlinda baba yenu asiguswe na mimi, wakati kinachomuua kiko ndani yake. Nilisema vibaya. Sifuti.

Jumatano, 24 Mei

Gari la Mbeya ni kesho asubuhi. Mchana huu Hezron kamleta Baba hapa nyumbani wasemezane mara ya mwisho. Yeye sebuleni na Mama, mimi jikoni, mlango umerudishwa. Baba akauliza tena Ackson yuko wapi. Hezron akaanza, semina, imeongezwa, unajua Baba...

Nikashindwa. Nikasema kwa sauti: "Shikamoo, Baba. Ackson hayupo. Aliyekupima ni mimi."

Hezron akaita "Sia!" kama mtu aliyeungua. Sikuacha, ningeacha nisingeweza tena. Nikamwambia Baba uvimbe uko wapi na una ukubwa gani. Nikamwambia bado unasogea, na bahati yake yote ni hiyo, na bahati hiyo haikai. Nikaomba radhi kwa uongo. Kwa kumpima sikuomba.

Nikasikia kiti. Nikajua anaondoka. Hakuondoka. Alikohoa, akakaa tena.

Halafu akasema. Si kwa Hezron, si kwa Mama. Kwa mlango, na kwa Kiswahili, ili nielewe. "Wakinitoboa tumbo, nani atanisafisha?"

Hezron akiona damu anakaa chini. Mama macho yamekwisha, hata uzi hauoni. Baba anajua. Wote tunajua ni nani katika nyumba hii aliyewahi kusafisha tumbo la namna hiyo. Na kazi hiyo ni ya kila siku, uso kwa uso, kwa muda wote atakaopewa.

Amesema atasubiri jibu. Naandika nimekaa juu ya gunia la mchele. Ndiyo yangu ninayo. Nimevua kitambaa cha kichwani, nimekifunga tena. Sebuleni namsikia akimwuliza Mama kama yule Mchaga amelala.

Sijalala. Ila sijui, nikifungua huu mlango, macho niyaweke wapi.